Niliokoka, Lakini Wivu Ulibaki

Mwanangu Yona,

Mama yako ameshakufungia karanga na majani ya chai, na mambo ya safari ameshakuambia yote mpaka umechoka kuitikia. Mimi sitaongeza. Nina jambo moja tu, na ninaogopa kulisema. Ninaogopa zaidi kunyamaza, halafu kesho basi liwachukue wewe na mkeo Kabugho mpaka Moroto, mkakae katika chumba cha mwalimu ulichopewa na shule, mahali ambapo huyu binti hatakuwa na mama, wala shangazi, wala mtu hata mmoja wa kumsalimia kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Atakuwa na wewe tu. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulea nacho. Mimi Mwiteso, mama yako Mkonzo wa Bugoye, tulikutana kila mmoja na lugha ambayo mwenzake haijui, na Kiswahili cha kambini, cha jeshi, ndicho kilichotuoza. Si Kiswahili cha upole. Mimi nilijifunza kwanza "simama", "geuka", "kimya". Nikikosa neno laini humu, nivumilie.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, navua viatu. Hamkuniona. Kabugho alikuwa anaanua nguo. Ukamwuliza, "Ulikuwa unacheka nini na yule mpiga kinanda?"

Akasema, "Aliniambia nimeimba kama mbuzi. Nikacheka."

Ukasema, "Lete simu."

Akakupa. Ukaipekua umesimama pale pale, huku yeye anakungoja na nguo zimejaa mikononi. Kisha ukamshika kifundo cha mkono. Hukumshika kwa nguvu. Nilikuwa ninatazama vidole vyako. Ukamwambia kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Nakuuliza kwa sababu nakupenda. Mke wa mtu aliyeokoka hachekicheki ovyo."

Nikasimama na kiatu kimoja. "Yona, mwachie mkono."

Ukageuka ukatabasamu. "Mzee, usiogope. Hatugombani."

"Huo ni wivu."

"Hapana, baba. Wivu ulikuwa wa Yona wa zamani, na yule alishakufa. Mimi nimezaliwa upya. Dhambi haina amri juu yangu tena. Huu ni ulinzi, namlinda mke wangu."

Kabugho akainamia beseni. Wewe hukumwona uso. Mimi nilimwona.

Mwanangu, nisingeogopa hivi kama ungekuwa umemkaripia. Kijana akimkaripia mkewe, akajuta, wakazungumza, hayo ni mambo ya nyumba zote. Kilichonitisha ni lile tabasamu. Ulikuwa na amani kabisa. Na lile neno "ulinzi" ni neno langu. Nililisema miaka mingi, kwa sauti hiyo hiyo ya upole, na mahali liliponifikisha hujawahi kuambiwa. Wewe uliambiwa kwamba baba aligombana na mtu huko Mpondwe, mpakani. Sikugombana. Kugombana ni watu wawili.

Ngoja nianze nyuma kidogo.

Kambini nilikuwa mlevi, hilo unalikumbuka kwa mbali. Nikirudi, kabla ya kuingia nilisimama kwanza mlangoni kusikiliza kama kuna sauti ya mwanamume ndani. Nilikuwa ninanusa leso ya mama yako. Nilihesabu vikombe kwenye beseni, nikimwuliza hiki cha tatu amekinywea nani. Kikombe kilikuwa chako, Yona. Ulikuwa mtoto wa miaka mitatu na nilimpiga mama yako kwa ajili ya kikombe chako cha uji.

Lakini asubuhi, pombe ikiisha, niliona haya. Sikuweza kumtazama. Nilikwenda kununua nyama, nikachota maji mwenyewe mbele ya maaskari wenzangu wanaocheka. Haya ile ilikuwa inauma kama jino, na sikujua kwamba ndiyo kitu pekee kizima kilichokuwa kimebaki ndani yangu.

Kisha nikaokoka. Ule mkutano wa hema pale Kasese, mama yako ndiye aliyenipeleka. Nilikwenda mbele, nikalia mpaka kola ikalowa. Na pombe, Yona, iliondoka siku ile ile. Sijawahi kuionja tena hadi leo, na siyo kwa nguvu zangu, kwa maana nguvu nilishazijaribu mara nyingi zikashindwa. Kwa hiyo usije ukasema mzee hajui kuzaliwa upya ni nini, au kwamba anakurudisha nyuma. Ninajua kilichonitokea. Niliingia kwenye hema lile mtu mmoja na nikatoka mwingine.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye furaha. Mhubiri alisema aliyezaliwa mara ya pili hatendi dhambi tena, na mimi nikapiga makofi kuliko watu wote. Kwa kuwa pombe imeondoka, nikadhani vyote vimeondoka pamoja, kama watu wanaoshuka kwenye gari moja. Wivu haukushuka. Ulikaa kimya miezi michache, halafu ukasimama ukiwa umevaa suti ya kanisani.

Na sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Baada ya kuokoka nikawa mbaya zaidi. Sikumpiga tena mama yako, hapana. Lakini zamani nilikuwa na ile asubuhi ya haya. Sasa sikuwa nayo. Kama aliyeokoka hatendi dhambi, na mimi nimeokoka, basi hili ninalolifanya haliwezi kuwa dhambi. Litakuwa hekima, au ulinzi, au Roho ananionyesha. Nilimkataza mama yako kuvaa lile gauni la njano, nikamwombea. Nilimkataza kukaa na jirani, nikamwombea. Alikuwa anapiga magoti mbele yangu nikimwekea mkono kichwani, na mkono wangu alikuwa anausikia unavyobonyeza. Hayo aliniambia baadaye sana. Wakati ule aliitikia "Amina" tu, na mimi nikaona nyumba yangu ina amani.

Nilipostaafu, pensheni haikutosha, naye akaanza kufuata mawese Mpondwe siku za soko. Alinunua kwa Wakongo waliovuka, akaleta Kasese kuuza. Mizigo alibebewa na kijana mmoja anaitwa Kambale, mtu wa Kasindi, ng'ambo ya mto. Mimi nilimjua kwa jina tu, kwa sababu mama yako alilitaja siku moja akicheka: Kambale aliteleza na jerikani lakini hakumwaga hata tone. Alicheka tu. Kama Kabugho.

Nikaanza kumfuata mama yako kwa siri. Nilimwambia ninakwenda Bwera kuwaombea wagonjwa, na kweli niliwaombea, kisha nikashuka mpaka Mpondwe nikasimama kati ya malori kumtazama mke wangu akifanya biashara. Sikuona kitu. Na kila nilipokosa kuona kitu, niliamini wanajificha vizuri.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, na ile njia ya kuteremka kuelekea mtoni ilikuwa tope. Nikamwona Kambale akipanda na jerikani mgongoni, mama yako nyuma yake. Kambale akateleza kidogo, mama yako akamshika kiwiko asianguke. Ndiyo hiyo tu. Akamshika kiwiko.

Sikukimbia. Nataka ujue kwamba sikukimbia wala sikupiga kelele. Niliteremka polepole nikisali. Nilikuwa ninasali kabisa, Yona, midomo inatembea. Nikamfikia, nikamwambia, "Wewe na huyu mwanamke mna nini?"

Akaniangalia, jasho machoni, hawezi kujipangusa kwa ajili ya mzigo. "Papa, miye niko nabeba tu. Bibi yako, hata jina yake sijue."

Nikamsukuma.

Alikwenda chini na jerikani, kwenye mawe. Jerikani likapasuka. Nilipomtazama uso wake ulikuwa mwekundu wote, na shingo, na kifua, na wekundu unateremka kuelekea majini, na hakuwa anasogea. Mwanangu, nimeona vita. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilijua nimeua mtu, tena nimemwua nikiwa na sala mdomoni, na hakukuwa na pombe ya kusingizia.

Wekundu ule ulikuwa mawese. Mama yako ndiye aliyeteremka akampangusa macho kwa leso, na Kambale akaanza kulia kwa maumivu, mkono umegeuka pasipo na kiungo. Watu wakajaa. Wengine walinijua, wakasema, "Si ni yule afande wa kanisani?" Hajji mmoja mwenye malori alishuka kwenye gari lake akasimama mbele yangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Afande, huyu amekufanyia nini?"

Nilifungua mdomo. Miaka yote ile ya kunusa leso na kusimama milangoni, nilikuwa ninatafuta jibu la swali hilo, na mbele ya watu wote wale sikuwa na neno hata moja. Hajji akatikisa kichwa, akamwinua Kambale pamoja na mama yako, wakampakia wakampeleka zahanati. Mimi niliachwa pale njiani na mawese kwenye viatu.

Nilikwenda kwa mchungaji wangu wa wakati ule nikamweleza yote. Akasema, "Basi hukuokoka kweli. Aliyeokoka hawezi. Rudi mbele uokoke sawasawa." Nikarudi mbele. Nikalia tena. Baada ya wiki mbili mama yako alichelewa kutoka kisimani, nikasikia ule moto kifuani, nikajua hata safari hii sikuokoka. Nikarudi mbele tena. Wewe ulikuwa mkubwa kidogo wakati ule, labda unakumbuka jinsi nilivyokonda. Nilikuwa siwezi kulala nikiogopa moto wa milele. Kila nilipoanguka nilijihesabu mtu ambaye Mungu hajawahi kumgusa hata siku moja. Na mtu anayeamini hivyo, Yona, hana sababu ya kupigana. Kuna siku nilifika mpaka mlango wa baa, nikashika kitasa, nikijisemea, kama mimi ni wa kuzimu tayari, niache kunywa kwa ajili ya nini?

Sikuingia. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nilisimama pale nikasema, sauti ya mtu aliyechoka, "Bwana, pombe uliitoa wewe. Siwezi kusema hukuwepo." Nikaachia kitasa, nikaondoka.

Nilipoondoka nilikwenda kwa Kambale. Alikuwa bado Bwera, kwa dada yake, mkono umefungwa. Nilibeba unga na sabuni. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Hakunipa. Alisema, "Kama utakuya tena, kuya na mama. Peke yako, hapana. Niko nakuogopa."

Wahubiri wote niliowasikia hawakunifundisha kama yule kijana. Aliniambia kitu kilichokuwa kweli juu yangu: mimi ni mtu ambaye bado hafai kuja peke yake. Basi nikawa ninakwenda na mama yako. Tulilima shamba lake mpaka mkono ukapona, ingawa umepona umepinda na mizigo mizito hawezi tena. Sasa anauza vocha za simu huko kwao. Tukikutana sokoni ananisalimia. Hatoi mkono.

Sasa wewe una mistari yako ya Biblia, na unaijua kuliko mimi. Najua utaniuliza: baba, unataka kusema aliyeokoka bado ni mtumwa wa dhambi? Mimi sikusoma chuo cha Biblia. Nitakuambia nilichokiona katika mwili huu wangu tu. Zamani wivu ulikuwa ukinituma, ninakwenda, na sikujua kama kuna kukataa. Ulikuwa sauti yangu mwenyewe. Sasa unanituma ninausikia kama mtu mwingine anaongea, na ninaweza kukataa. Mara nyingi ninakataa. Mara nyingine ninakataa huku natetemeka kama mwenye malaria. Na mara nyingine, baada ya yote haya, nimekwenda: mwaka juzi nilimpigia simu mama yako mara nyingi mno akiwa kwenye msiba wa dada yake, mpaka akaizima, na aliporudi nilimwomba radhi mbele ya kaka zake. Huyo si mtumwa, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Mtumwa hakatai. Lakini pia si mtu ambaye bwana wake wa zamani amesahau nyumba yake iko wapi.

Kwa hiyo ninaogopa, na nimekubali kuogopa. Wewe huogopi, na hapo ndipo ninapokuogopea. Nilipokuwa siogopi ndipo nilipomsukuma mtu kwenye mawe.

Sikuandikii ili uache kuamini. Amini zaidi. Amini kiasi cha kuweza kusema "nimekosa" bila kudhani mbingu zimefungwa. Ukiweza kusema neno hilo mbele ya Kabugho, tena siku ile ile, nitajua kwamba yule aliyekuzaa upya anaendelea na kazi yake. Usipoweza, hata ukihubiri watu wakazimia, mimi huku nitakuwa ninasikiliza simu kwa hofu.

Kuna jambo lingine, na hili litakuudhi. Jana, ulipokwenda kuwaaga wenzako kule Nyamwamba, niliomba kuzungumza na Kabugho. Mkwe hazungumzi na baba mkwe hivi hivi, ndiyo maana mama yako alikaa nasi. Nikamsimulia yote niliyokuandikia humu, na kikombe, na gauni la njano, na Kambale. Nikamwambia, "Binti yangu, nimeuona mkono wako siku ile ya nguo. Huo si ulinzi. Na wewe huna wazimu."

Alivuta uzi kwenye kitenge chake. Kisha akasema, "Baba, nilidhani ni mimi peke yangu naona. Yeye anaomba vizuri sana. Nikasema labda Mungu anamwonyesha kitu kibaya ndani yangu ambacho mimi sikijui."

Mama yako aliposikia maneno hayo alisimama akatoka nje. Aliyasema yeye mwenyewe zamani, karibu neno kwa neno, kwa mama yake huko Bugoye, na hakuna aliyemwambia vingine.

Nimempa Kabugho namba ya Hajji mwenye malori, ambaye magari yake hufika Moroto, na nimezungumza naye. Siku yoyote Kabugho akitaka kurudi, hatakuuliza wewe na hatatuuliza sisi. Atapanda gari. Na nimemwambia pia kwamba mimi na mama yako, tukipata hofu kwamba lile jambo linaanza, tuna neno moja. Mama yako huniambia, "Baba Yona, imeanza." Hapo mimi hutoka nje, nikatembea mpaka mtoni, nikampigia mzee mmoja wa kanisa anayejua habari zangu zote, nikamwambia bila kuficha ninachokifikiria. Kinapotamkwa mbele ya mtu huwa kinaonekana cha kijinga. Tafuteni neno lenu. Na tafuta mtu wako huko, asiwe anayekusifia.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi. Kabugho hakuomba lolote. Lakini kama umesoma mpaka hapa na kifua chako kinakuambia kwamba huyu mwanamke ameshaanza kukusengenya kwa baba yako, simama kidogo, Yona. Isikilize hiyo sauti. Ndiyo hiyo.

Niliposimama kupumzisha mkono, mama yako alikuwa sakafuni akifunga mfuko wenu wa mwisho kwa kamba. Nilimtazama. Nimeishi naye miaka yote hii, nimemwomba radhi kwa mambo mengi, lakini kuna swali moja sijawahi kumwuliza kwa sababu nilikuwa ninaliogopa kuliko Kambale na mto na moto wa milele. Nikamwita kwa jina lake, "Biira."

Akainua kichwa. Simwiti hivyo mara nyingi.

"Bado unaniogopa?"

Alimaliza kwanza kukaza fundo. Hakuharakisha. Akasema, "Siku nyingine."

Nikauliza, "Siku zipi?"

"Siku ukinyamaza sana." Akausukuma mfuko karibu na mlango, akajipangusa mikono. Kisha akaongeza, "Lakini zamani hata swali lenyewe ungeliuliza, ningekudanganya."

Hiyo ndiyo nyumba unayotoka, mwanangu. Sina nyingine nzuri zaidi ya kukuonyesha. Mkifika Moroto, mkishashusha mizigo na kula, mwulize Kabugho swali hilo hilo, kisha kaa chini, usishike mkono wake, uvumilie jibu.

Ninakuombea nikiwa na hofu, na nitaendelea hivyo.

Baba yako